Saa Tisa Zilizobaki

Jumatatu moja, yapata saa nane mchana, kijana alibisha hodi ofisini kwetu Mombasa. Aliniamkia, akaketi, akabaki kuizungusha helmeti yake ya bodaboda mapajani. Alipopata maneno aliniuliza, "Mama, kuna sheria inayomtaka mtu aende hospitali na mwenzake?" Nikamwuliza kisa. Ijumaa saa tano usiku alilala na msichana, na mpira, yaani kondomu, ukapasuka. Msichana mwenyewe hakumjua sana, na namba aliyompa haikupatikana tena. Jumamosi asubuhi alikwenda zahanati moja, akaambiwa arudi Jumatatu na aje na mwenza, wapimwe pamoja. Jumatatu ndiyo hiyo, mwenza hayupo, naye aliona haya kurudi peke yake.

Swali lake nililiweka kando kwanza, nikahesabu. Toka Ijumaa saa tano usiku hadi Jumatatu saa nane mchana ni saa 63. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini, zile ziitwazo PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72. Zilikuwa zimebaki saa tisa. Tulifunga mlango tukaenda naye hospitali ya serikali, na mambo ya sheria tukayazungumza kwenye foleni.

Jibu la swali lake ni kwamba sheria hiyo haipo. Iliyopo inasema kinyume chake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya Kenya, namba 14 ya mwaka 2006, inakataza mtu kulazimishwa kupima virusi ndipo aajiriwe, aoe au aolewe, aandikishwe shule, asafiri nje ya nchi au apewe matibabu. Anayepimwa hupimwa kwa ridhaa yake, na ridhaa hiyo haimhitaji mwenza. Mwenza akija ni vyema, kwani kumtibu mmoja na kumwacha mwingine ni kuteka maji kwa pakacha. Lakini kumrudisha nyumbani aliyekuja kwa sababu ya ambaye hakuja ni kumnyima matibabu. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, afya ya uzazi ikiwemo, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Hospitalini alipimwa kwanza, kwa kuwa PEP hupewa asiye na virusi. Dawa hunywewa kila siku kwa siku 28, bila kuruka. Kila saa inayopita kabla ya kuzianza huzipunguzia nguvu, kwa hiyo mtu asikae akisema saa 72 bado hazijaisha. Katika vituo vya serikali kipimo cha virusi na dawa hizi ni bure, na huhitaji barua ya polisi wala ya chifu. Muuguzi atakuuliza ilikuwaje, lini, na sehemu gani za mwili zilihusika. Mwambie kweli, hata kama ulimi ni mzito. Haulizi kwa udaku: hatari hupimwa kwa majibu hayo, na kipimo cha kisonono huchukuliwa pale palipoguswa, hata kama ni kooni.

Kuna kosa moja nimeliona mara nyingi hata sioni vibaya kulirudia. Mtu analala na mtu Ijumaa, anapima Jumatatu, anaambiwa hana virusi, anatoka akimshukuru Mungu. Kipimo cha Jumatatu hakijui lolote kuhusu Ijumaa. Kinaeleza ulivyokuwa kabla ya Ijumaa. Mwili huhitaji muda ndipo kipimo cha kidole kione kitu, na kwa hiyo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6, kisha tena miezi mitatu ikitimia. Katikati hapo tumia mpira.

Magonjwa mengine ya zinaa yana saa zake. Kisonono kwa mwanamume mara nyingi hujitokeza ndani ya siku 2 hadi 7, kwa usaha na mkojo unaochoma, lakini mwanamke anaweza kukaa nacho bila dalili yoyote. Klamidia hujificha zaidi, kwa wote wawili. Kwa hayo mawili, kipimo cha mkojo au cha ute huaminika baada ya kama wiki mbili. Kaswende ndiyo inayonitia hofu, maana kidonda chake hakiumi. Hutokea kwa kawaida kama wiki tatu baadaye, wakati mwingine hata siku 90, kisha kinapona chenyewe na mtu anadhani yamekwisha, kumbe ugonjwa umeingia ndani. Huonekana kwa kipimo cha damu, na sindano ya penisilini huitibu. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hukuwahi kuipata, na uulize siku zile zile za mwanzo.

Vituo vingi havina maabara ya kutosha, hivyo mtu hutibiwa kwa dalili tu. Ni utaratibu unaokubalika. Usichotakiwa kukubali ni kuchomwa sindano ukiwa gizani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka uelezwe hali yako, vipimo vilivyopo, njia za tiba na gharama zake, na inapowezekana kwa lugha unayoielewa. Basi uliza kwa Kiswahili chako, kwa heshima: "Daktari, sindano hii ni ya ugonjwa gani? Na kama hamkunipima, nitajuaje kwamba umeisha?" Hayo si maswali ya ujeuri. Na bei ya vipimo vingine iulize kabla hujatoa mkojo, si baada.

Majibu yakitoka ni yako. Sheria ya 2006 inasema matokeo ya kipimo cha virusi ni siri na hupewa aliyepimwa, na kwa mtoto hupewa mzazi au mlezi. Mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi mwenyewe, au ambaye mwenendo wake unamweka hatarini, anaruhusiwa kuridhia kwa maandishi apimwe. Majibu ya kisonono na kaswende nayo yanalindwa na Sheria ya Afya na ile ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Muuguzi anayekuita jina kwa sauti mbele ya benchi zima na kutaja ugonjwa wako amevunja sheria. Wasafiri wa Ghuba nao waelewe hili: nchi zile hudai kipimo cha virusi kabla ya kutoa ruhusa ya kazi, na sheria ya Kenya haiwezi kufuta sharti lao. Hata hivyo wakala hana ruhusa ya kuyasoma majibu yako mbele ya wenzako.

Je, daktari anaweza kumwambia mwenzako? Kifungu cha 24 cha sheria ya 2006 kiliwahi kumruhusu, na kikamtaka mwenye virusi amjulishe kila anayekutana naye kimwili. Machi 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikitangaza kuwa kinapingana na Katiba, kwa sababu mipaka ya maneno yake haikueleweka na kiliingilia faragha. Hiyo si ruhusa ya kuambukiza. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 bado kimesimama: anayejua ana virusi, au ugonjwa mwingine wa zinaa unaotishia maisha, akamwambukiza mwenziwe kwa makusudi, kifungo chake hakipungui miaka 15 na kinaweza kufika maisha. Anayekunywa dawa vizuri hata virusi havionekani tena kwenye damu yake hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na hilo wengi waliopima hawajaambiwa.

Wasomaji wetu wa Tanga na Dar es Salaam wasichukue haya mazima mazima. Tanzania ina sheria yake ya Ukimwi, namba 28 ya 2008, ambayo inamtaka anayejua ana virusi amjulishe mke, mume au mpenzi wake. Marekebisho ya 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi.

Kama haikuwa hiari, yaani ulibakwa, usioge. Nguo ulizokuwa nazo zitie kwenye mfuko wa karatasi, usitumie wa plastiki, na uende hospitali moja kwa moja. Matibabu hutangulia, polisi hufuata. Utapewa PEP, dawa ya kuzuia mimba ambayo hufanya kazi hadi saa 120 lakini mapema ni bora, na tiba ya magonjwa mengine. Mhudumu wa afya atajaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, na ile ya polisi, P3, itafuata. Akikuambia uende kituo cha polisi kwanza ulete karatasi, kataa kuondoka, mwite msimamizi.

Kwa aliyenyimwa haki hizi, Kenya ina baraza lake maalumu la kesi za Ukimwi, lililoundwa na Sheria ya Ukimwi ya 2006, na linaweza kuamuru mtu alipwe fidia, ila makosa ya jinai huachiwa mahakama. Mtu anaweza kuanza kwa malalamiko ya maandishi kwa msimamizi wa kituo cha afya.

Kijana wangu tulimwandikia yake Jumatano. Haikuzidi ukurasa mmoja: tarehe, saa aliyofika Jumamosi, dirisha alilosimama, maneno aliyoambiwa kama alivyoambiwa, na mwishoni sentensi aliyoitaka yeye mwenyewe, kwamba waliofuata nyuma yake wasiulizwe mwenza. Akatia sahihi, akabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kisha akatazama simu, akasema saa ya kidonge imefika, akaomba maji.