Mafuta Yanapochomwa Baharini: Moshi Huenda Wapi?

Meli ikipata ajali na mafuta kumwagika, njia mojawapo ya kuyaondoa ni kuyazingira kwa maboya maalumu, kisha kuyatia moto juu ya maji. Kwa pwani kama ya Pande, wilayani Kilwa, lengo lake ni kuinusuru mikoko na mazalia ya samaki. Hata hivyo, mafuta yanayoungua hayatoweki yote.

Mwaka 2010, baada ya mtambo wa Deepwater Horizon kulipuka katika Ghuba ya Meksiko, mioto 411 iliwashwa baharini. Watafiti walioupima moshi kwa ndege walikadiria kuwa takriban asilimia 4 ya uzito wa mafuta yaliyoungua iligeuka masizi. Kwa kipimo hicho, kilo 100 za mafuta huacha kilo 4 za masizi hewani. Chembe zake ni ndogo mno, nazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu au maradhi ya moyo huathirika zaidi.

Kusi na kaskazi zote huvuma zikitoka upande wa bahari; hivyo moshi waweza kufika kijijini majira yoyote. Umande wa alfajiri huusukuma nje, lakini jua likipanda upepo hugeuka. Hewa safi ya asubuhi isikudanganye.

Tunashauri yafuatayo:

1. Usiyawashe mafuta wewe mwenyewe. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji au BMU, ili ifikishwe TASAC.

2. Moshi ukikaribia, ingia ndani na ufunge madirisha. Nyumba ya makuti haiuzuii; hamia upande usio na moshi. Kanga iliyolowa maji haizuii chembe hizo.

3. Funika vyombo vya maji, na uanue dagaa na pweza walioanikwa.

4. Usivue palipochomwa mpaka mamlaka iruhusu, kwani mabaki mazito kama lami huweza kuzama.

5. Ukibanwa kifua, nenda zahanati mara moja.

Kuchoma mafuta huipunguzia bahari madhara kwa kuhamishia sehemu yake hewani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi wa Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Kwa hiyo, kabla moto haujawashwa, ulizeni: utawashwa saa ngapi, upepo unaelekea wapi, na nani atapima hewa kijijini?