SOMO KWA MAKATIBU: KUPIMA UBORA WA PICHA KABLA YA KUIPELEKA

Wanaushirika wamelishika tangu zamani neno lisemalo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe husafiri kwa picha. Katibu wa chama cha msingi huupiga picha kwa simu ukurasa wa mapokezi ya kahawa, huipunguza picha hiyo ili ipite upesi, kisha huipeleka Chama Kikuu. Picha isiposomeka sawasawa, hasara haimfikii aliyeipiga, bali humfikia mkulima ambaye jina lake limo ukurasani. Shabaha ya somo hili ni kueleza jinsi ubora wa picha unavyopimwa kwa haki wakati wa kuirekebisha na kuitolea nakala.

Mfano wa ukurasa mmoja

Na uchukuliwe ukurasa wa kipimo cha A4, wenye urefu wa sentimita 29.7. Mkulima mmoja ameandikiwa kilo 1,380. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha yenye nukta ndogo, ziitwazo pikseli, zipatazo 4,000 kwa urefu na 3,000 kwa upana. Ukurasa ukiijaza picha hiyo, kila milimita ya karatasi hupata nukta 13 hivi. Tarakimu yenye kimo cha milimita 3 hupata nukta 40. Hizo zatosha: 8 huonekana kuwa 8, na 3 huonekana kuwa 3.

Sasa katibu atoe nakala yenye nukta 800 tu kwa urefu. Tarakimu ile ile hubakiwa na nukta 8 za kimo. Hapo upande wa kushoto wa 8 waweza kufifia ikasomeka 3, au mapengo ya 3 yakazibika ikasomeka 8. Kilo 1,380 zaweza kuwa 1,330, na kilo 50 za mkulima zikapotea pasipo mwizi kuingia ghalani. Wala haifai kitu kuikuza nakala hiyo baadaye. Nukta zilizokwisha ondolewa hazirudi. Programu huzijaza nafasi zake kwa kukisia.

Jinsi picha inavyogandamizwa

Picha nyingi huhifadhiwa kwa mtindo wa JPEG, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 1992. Mtindo huu huigawa picha katika miraba ya nukta 8 kwa 8, kisha hutupa baadhi ya mambo madogo madogo yaliyomo katika kila mraba, hasa yale ambayo jicho la mtu huyakosa kwa urahisi. Katika picha ya mkutano mkuu hasara hiyo haionekani. Katika mistari myembamba ya wino huonekana kama vumbi la kijivu lililoyazunguka maandishi. Tena, kila mara picha inaporekebishwa na kuhifadhiwa upya kwa mtindo huo, kitu kingine hupotea, kama kahawa inavyomwagika kila inapohamishwa kutoka gunia hadi gunia.

Vipimo vinavyodanganya

1. Kioo cha simu. Vioo vingi vina upana wa nukta 1,080 hivi. Picha yenye upana wa nukta 3,000 ikionyeshwa humo nzima, nukta zake karibu 8 hukusanywa katika nukta moja ya kioo. Ukungu wote hujificha, na picha mbovu huonekana safi.

2. Mwangaza wa kioo. Kioo kikiangazwa sana, picha ya giza huonekana njema. Kikiwekwa katika hali ya usiku, kila kitu hugeuka manjano.

3. Namba ya ubora. Programu moja huhesabu ubora hadi 100, nyingine hadi 12. Hata 80 ya programu moja si lazima iwe sawa na 80 ya nyingine.

4. Uzito wa faili. Picha iliyopigwa gizani hujaa chembechembe, nazo huongeza uzito bila kuongeza habari. Kama vile kahawa mbichi yenye maji inavyolemea mizani, uzito peke yake si ushahidi wa ubora.

5. Ukali uliozidishwa. Kuongeza ukali wa picha hulipendeza jicho mara moja, lakini ukizidi huweka mistari myeupe kandokando ya maandishi, na tarakimu zilizokaribiana huanza kuungana.

Njia ya kupima kwa haki

Kwanza, picha ya asili isiguswe. Marekebisho yote yafanywe katika nakala, na kila nakala mpya itolewe kutoka kwa asili, si kutoka kwa nakala nyingine.

Pili, nakala ikishatolewa, ifunguliwe yenyewe, kwani picha iliyo bado katika programu ya marekebisho haijagandamizwa. Ikuzwe hadi asilimia 100, ili nukta moja ya picha iwe nukta moja ya kioo, kisha ilinganishwe na asili mahali pale pale. Patazamwe mahali pagumu: tarakimu ndogo kuliko zote, pembe za ukurasa, na penye kivuli.

Tatu, nakala apewe mtu asiyelijua daftari, asome kwa sauti mistari kumi, naye katibu afuatilie katika daftari lenyewe. Kipimo hiki kinapita vyote. Mwandishi wa tarakimu huiona hata isipoonekana, maana anaisoma kwa kumbukumbu. Mgeni husoma kilichopo tu, na karani wa Chama Kikuu ni mgeni.

Nne, huduma nyingi za ujumbe wa simu huipunguza picha tena njiani. Picha ya hesabu ipelekwe kama faili, si kama picha ya kawaida, na mpokeaji aombwe kuzirudisha jumla za ukurasa kama alivyozisoma.

Kwa picha ya jani lenye ugonjwa, rangi ndiyo hoja kuu. Karatasi nyeupe iwekwe kando ya jani wakati wa kupiga. Karatasi ikitokea manjano au buluu, rangi ya jani nayo si ya kuaminiwa.

Mwanachama hakubali gunia lake likisiwe kwa macho penye mizani. Picha inayobeba hesabu ya gunia hilo yastahili uangalifu ule ule, na daftari la asili libaki salama chamani.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini picha iliyo safi katika simu yaweza kuwa mbovu?
2. Tarakimu ya milimita 3 itapata nukta ngapi, ukurasa wa A4 ukipigwa kwa urefu wa nukta 2,000?
3. Katika chama chenu, ni nani anayefaa kusoma nakala kabla haijapelekwa, na kwa nini?