Mwambie Ni Mkutano wa Injili

*Ninaanika dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, pamoja na rafiki yangu ambaye ni Mwislamu. Mtaji tulichanga wote, na mvua ikitushtukiza kila mmoja anaanua dagaa walio karibu naye, wawe wake au wa mwenzake. Mwaka jana niliokoka. Sasa kanisa letu linaandaa mkutano wa injili viwanja vya Furahisha, na kila muumini ametakiwa alete mtu mmoja ambaye hajampokea Yesu. Mzee wa kanisa amenishauri nimwambie rafiki yangu kuna semina ya mikopo ya akina mama. Akishafika, Neno litafanya kazi yake. Ulimi umekuwa mzito. Ila nikinyamaza nakumbuka Ezekieli 3, kwamba damu yake itadaiwa kwangu, na usingizi unakata. Nifanye nini?*
*Mwanika dagaa, Kirumba*

Mwanangu, usimwambie kuna semina ya mikopo. Hapo sizunguki.

Mama wa dagaa akisikia mkopo, anatafuta wa kumwangalizia mzigo, anajifunga khanga safi na kubeba daftari lake la hesabu. Akifika akakuta jukwaa, spika, na watu wanaitwa mbele kuongozwa sala ya toba, somo la kwanza atakalolipata kuhusu Yesu ni kwamba watu wake ni waongo. Na atakuwa amefundishwa na wewe, unayeachiwa pesa zake bila kuhesabiwa.

Siamini huyo mzee ana nia mbaya. Anaogopa mtu asipotee. Lakini ziwa letu hili la Victoria limeshaona injili ikifungwa gunia moja na shughuli nyingine. Wamisionari wa kwanza wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walifika Kageyi, kusini mwa ziwa, mwaka 1877, na mwaka haujaisha wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Hawakuuawa kwa mahubiri. Walinaswa katika ugomvi wa Mtemi Lukonge na Songoro, mfanyabiashara waliyekuwa na mapatano naye ya chombo cha majini. Ng'ambo ya ziwa, huko Buganda, Kabaka Mutesa aliwapokea wageni akitumaini bunduki, na mabishano ya dini barazani kwake yakazaa makundi ya kugombea utawala. Mwaka 1888 wamisionari walifukuzwa Buganda wakavukia huku kwetu, Usambiro na Bukumbi. Mwaka 1892 wakawa Wakatoliki na Waprotestanti wanaouana Mengo, makao makuu ya Buganda. Wala si mambo ya mababu tu. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mzozo wa Waislamu na Wakristo juu ya nani achinje ng'ombe ulimtoa mchungaji uhai. Kanda ya Ziwa mtu akisikia spika za dini nyingine ana sababu ya kukaa macho. Ndiyo maana nakusihi: ukiipeleka injili, ipeleke yenyewe, kwa jina lake.

Sasa hiyo Ezekieli 3. Isome yote. Mlinzi anatakiwa kusema. Mwenye kusikia anaweza kukubali au kukataa, na mlinzi hakupewa kamba ya kumvuta. Kisha fungua 1 Petro 3:15 uone jinsi ya kusema: kwa upole na heshima, ukiwajibu wanaokuuliza juu ya tumaini lako.

Giza likipita na mbalamwezi ikaingia, wavuvi wa dagaa wanapumzika kwa sababu taa zao hazivuti kitu, nanyi vichanja vinabaki vitupu. Siku hizo mna nafasi ya kuongea. Mwambie, "Mwenzangu, tangu niokoke sijawahi kukusimulia kilichonipata. Naomba nikueleze, na ukichoka niambie niache." Eleza yako: ulikuwaje, ulimwita Yesu kwa shida gani, nini kimebadilika nyumbani. Qurani yake usiiguse. Kaka zetu wa mihadhara ya kushindanisha dini waliipekua Biblia na Qurani kutafutiana makosa, na kilichobaki mitaani ni vidonda.

Ukimaliza, mpe nafasi naye. Atakwambia anamjua Isa bin Maryam na anamheshimu kama nabii. Usimkatize, wala usijifanye mnaamini kitu kimoja, maana hamuamini: kwake Isa si Mwana wa Mungu na hakusulubiwa, na kwako bila msalaba hakuna wokovu. Semeni hivyo hivyo mkiwa mmekaa mkeka mmoja. Naye akikukaribisha kwenye Uislamu, sikiliza. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inayokupa wewe uhuru wa kueneza dini inampa na yeye, na inaliacha jambo la imani kwa hiari ya kila mtu.

Ndipo umwambie kuhusu Furahisha: ni mkutano wa injili, kutakuwa na maombi, wataita watu mbele, nami ningefurahi uje. Akisema hapana, yameisha. Mvua ikija, anua dagaa wake kama zamani. Hospitali ya Bugando ilijengwa na Kanisa Katoliki, na Mwislamu anatibiwa pale akarudi nyumbani na dini yake. Wema wako nao usiwe na sharti.

Kuna jambo ambalo huyo mzee hakuligusa, nalo linanisumbua kuliko yote. Je, akikubali? Ana mume, wazazi, ndoa iliyofungwa Kiislamu, na watoto. Siku ndugu watakapomkataa, nani atampa pa kulala? Kanisa lenu limepanga nini zaidi ya kumsimamisha jukwaani na kumpigia makofi? Akitaka kuamua, mwache aamue polepole, na wewe uwe tayari kumpokea kwako na wanawe.

Nenda ukamwone mchungaji mwenyewe, faraghani. Mweleze ulichoshauriwa na umuulize swali hilo la pa kulala. Iwapo rafiki yako atakuwa amekataa na mchungaji akasisitiza lazima uje na mtu, mwambie umeshamwalika na amekataa, kisha nenda peke yako ukaimbe.