KUVUJA KWA MAFUTA YA DIFU LA LORI

Wakulima waliochanga fedha zao wakanunua lori la kupelekea mazao sokoni, yawapasa kulichunguza kama mfugaji achunguzavyo ng'ombe wake. Mojawapo ya maradhi ya lori ni kuvuja kwa mafuta ya difu. Huanza kwa tone moja, na watu hulidharau. Mwisho wake ni meno kuvunjika njiani pamoja na shehena, au breki kukataa katika mteremko.

1. DIFU NI NINI?
Ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna pinioni, yaani gurudumu dogo la meno lizungushwalo na propela. Pinioni huzungusha gurudumu kubwa la meno, na nguvu huenda magurudumuni. Meno hayo huogelea katika mafuta mazito; yakiyakosa hupata moto na kulika upesi.

2. KUTAFUTA MAHALI PAVUJAPO
Usinunue kitu kabla ya kujua mafuta yatoka wapi. Osha difu lote kwa mafuta ya taa na brashi, ulikaushe, kisha uendeshe lori kilomita 15 hivi. Lisimamishe mahali tambarare, uzuie magurudumu kwa mawe, ndipo utazame chini. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, kwa kuwa mafuta hushuka, na upepo huyapeleka nyuma.

(a) Mbele, propela ilipofungwa: sili ya pinioni imekwisha. Shika kile kisahani kilichofungwa propela, ukitikise. Kikicheza juu na chini, beringi imelika, na sili mpya haitadumu.
(b) Kwenye maungio ya mfuniko: gasketi imeharibika au bolti zimelegea.
(c) Kwenye nati ya kutilia au ya kutolea mafuta: haikukazwa, au washa yake imechakaa.
(d) Upande wa ndani wa gurudumu: sili ya ekseli. Hii ndiyo hatari kuliko zote, maana mafuta huweza kulowesha viatu vya breki. Mafuta ya breki ni mepesi. Ya difu ni mazito, na mara nyingi hunuka kama kiberiti. Ukiyaona hapo, usisafiri.

3. TUNDU LA PUMZI
Nilipata kuona wakulima watano wenye lori moja. Katika msimu mmoja wa mvua walibadili sili ya pinioni mara tatu, nayo ikavuja kila mara. Fedha ya mbolea ikaishia kwa fundi. Tulipochunguza juu ya ekseli, tuliona tundu la pumzi limezibwa na tope kavu. Difu lipatapo moto, hewa iliyomo hutanuka. Ikikosa njia, husukuma mafuta yapite kwenye sili, hata iliyo mpya. Tulisafisha tundu, tukatia sili ya nne, na hiyo haikuvuja. Basi anza na tundu hili, maana kulisafisha hakugharimu kitu.

4. KUTENGENEZA
Bolti, nati na gasketi mkulima hodari aweza kuzishughulikia mwenyewe. Kabla ya kumwaga mafuta, fungua kwanza nati ya kutilia. Wengine wamemwaga yote, kisha nati ya juu ikakataa kufunguka. Tazama mafuta yatokayo: unga laini wa chuma si ajabu, bali vipande vya chuma ni dalili ya meno kuvunjika. Nati ya pinioni mwachie fundi, kwa kuwa ndiyo ibanayo beringi kwa kipimo. Viatu vya breki vilivyonywa mafuta vibadilishwe, visioshwe na kurudishwa.

Tia mafuta ya aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Malori mengi hutumia 80W-90 yenye alama GL-5. Katika magari mengi, kipimo ni mafuta kufika ukingo wa chini wa tundu la kutilia. Usizidishe, maana yakizidi huvuja pia.

Mafuta machafu usiyamwage shambani wala karibu na kisima. Na kila mwezi, kabla ya msimu wa kuvuna hasa, lala chini utazame. Usipoziba ufa utajenga ukuta.