Lugha ya Wapagazi: Hesabu ya Mzigo, Chakula na Maji

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilikwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, mwendo wa kilomita 800 hivi, na kuendelea mpaka Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na maneno yao ya kazi. Baadhi ya wasafiri wa Kizungu waliwaandika kuwa wavivu na walafi. Natuyapime maneno matatu kwa mizani ya sayansi, tuone.

1. Frasila. Ni kipimo cha kilo 16 hivi. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32, mbali na vyombo vyake mwenyewe.

2. Posho. Ni chakula cha siku, kwa desturi kibaba kimoja cha nafaka, kama kilo 0.7. Kilo moja ya nafaka ina kilokalori 3,500 hivi. Basi kibaba kilitoa 2,450. Mtu achukuaye mzigo huo kwa saa tano au sita huhitaji zaidi ya 3,000. Upungufu huo mwili huufidia kwa kutumia mafuta yake, na hatimaye misuli. Kwa hiyo manung’uniko juu ya posho hayakuwa ulafi. Yalikuwa hesabu sahihi.

3. Telekeza, au tirikeza. Ni kusafiri alasiri. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua kuwa kali. Lakini penye nyika kavu, watu walipika na kunywa maji ya kutosha adhuhuri, wakaondoka alasiri, wakalala pasipo maji, wakayafikia mengine asubuhi ya pili. Atembeaye juani na mzigo aweza kutoka jasho la lita moja kwa saa, na kila lita ya maji ya kuchukua huongeza kilo moja mabegani. Telekeza iliigawa nyika hiyo kati ya alasiri na asubuhi ya pili. Huo si uvivu, bali ni elimu ya mwili iliyopatikana njiani.

Zoezi: Msafara wa watu 100 unahitaji posho ya siku 10. Je, ni kilo ngapi, na wapagazi wangapi wa kuichukua? Msomaji atapata kilo 700 na wapagazi 22, nao pia lazima wale. Hapo atafahamu kwa nini misafara ilinunua chakula vijijini, na jinsi njaa ya wakulima ilivyoweza kuufunga njia msafara mzima.