Mipira na Vishikio vya Baiskeli ya Mlimani

Katika nchi ya Marekani, jimbo la California, karibu na mji wa San Francisco, uko mlima uitwao Tamalpais, nao urefu wake ni futi 2,571. Katika miaka ya 1970 vijana wa pande zile walizoea kuupanda na baiskeli zao, kisha hushuka mbio kwa njia za udongo na mawe. Baiskeli hizo hazikuwa za thamani. Zilikuwa kuukuu, nzito mno, na nyingine zilikwisha kutupwa na wenyewe. Walakini zilikuwa na jambo moja jema: mipira yake ilikuwa minene, ya namna iliyotolewa na kiwanda cha Schwinn mwaka wa 1933, upana wake inchi 2 na zaidi.

Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana hao walianza kushindana katika njia moja inayoteremka futi 1,300 kwa mwendo wa maili 2 hivi. Breki ilikuwamo ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo ilipata moto hata grisi ikaungua na kutoa moshi. Ikawapasa kuifungua na kuijaza grisi mpya, na kwa sababu hiyo njia ikaitwa Repack, maana yake "jaza tena." Mwaka wa 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mpya kwa ajili ya milima. Basi mpira mnene ulitangulia, fremu ikafuata nyuma.

Siku hizi baiskeli za mlimani za bei ndogo ni nyingi. Fremu yake huweza kuwa imara, lakini mwenye kiwanda hupunguza gharama mahali ambapo mnunuzi hatazami sana, yaani katika mipira na vishikio. Mpira huwa mgumu, na meno yake mafupi. Kishikio huwa chembamba na chepesi kuteleza. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa baiskeli hugusa ardhi kwa mipira miwili tu, na mkono hugusa baiskeli kwa vishikio.

Mwenye fedha za kununua mpira mmoja tu, yafaa aufunge mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi mtu huwahi kujirudisha. Lakini la mbele likiteleza katika kona, huanguka kabla hajatambua.

Kabla ya kununua, asome namba zilizoandikwa ubavuni mwa mpira wa zamani. Zikiwa 54-559, namba ya kwanza ni upana kwa milimita, na ya pili ni kipenyo cha mahali mpira ukaapo juu ya rimu. Namba hiyo ya pili haibadiliki kamwe: 559 ni gurudumu liitwalo la inchi 26, na 622 ni la inchi 29. Upana waweza kuongezwa kidogo, ila ibaki nafasi ya milimita 6 hivi kati ya mpira na fremu, upande huu na huu, matope yasije yakaziba. Atazame na mshale ubavuni, kwa maana mpira uliofungwa kinyume hauumi udongo vizuri.

Watu wengi hudhani ya kuwa mpira uliojazwa sana ndio bora. Katika barabara laini wana haki kidogo, mlimani sivyo. Tuseme gurudumu moja limechukua uzito wa ratili 90. Upepo ukiwa ratili 60 kwa kila inchi mraba, sehemu ya mpira iguseyo ardhi ni inchi mraba 1 na nusu. Ukipunguzwa hata ratili 30, sehemu hiyo huwa inchi mraba 3, yaani maradufu. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini yaonyesha kwa nini mpira mgumu hurukaruka juu ya mawe, na mpira mnene wenye upepo wa kadiri huyashika. Upepo nao usipungue kupita kiasi, maana jiwe litaubana mpira wa ndani juu ya rimu na kuutoboa matundu mawili, kama aliyeumwa na nyoka. Mipaka imeandikwa ubavuni, wala haifai kuivuka.

Vishikio ni vya bei ndogo kuliko mpira. Cha zamani hukatwa kwa kisu, ama hutiwa maji chini yake kikavutwa. Bomba la usukani lifutwe mpaka liwe kavu kabisa. Kishikio kipya kilowe ndani kwa spiriti, kisha kisukumwe upesi; spiriti ikikauka kitashika. Mafuta yasitiwe hata tone, kwa kuwa hayakauki, na kishikio kitachomoka mkononi penye mteremko. Viko na vishikio vyenye pete za skrubu, navyo ni salama zaidi kwa mvua.

Mwisho bomba lizibwe kwa kizibo pande zote mbili, kwa sababu bomba lililo wazi hukata mwili wa aangukaye juu yake. Kisha kishikio kinyongwe kwa nguvu za mikono miwili. Kikizunguka, baiskeli isipandwe siku hiyo.