Kidole na Mizani: Uteuzi wa Vyombo vya Kurekodi Mapigo katika Utafiti wa Ushairi

Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe Kichomi mnamo 1974, mjadala wa wanajadi na wanamabadiliko kuhusu arudhi ya ushairi wa Kiswahili umeendeshwa kwa hoja zaidi kuliko kwa vipimo. Mwanajadi hushikilia kuwa mizani ni mapigo yanayohisiwa na sikio. Mpinzani wake hujibu kuwa ni hesabu ya silabi inayofanywa na macho karatasini. Makala hii inapendekeza kuwa madai haya yanaweza kupimwa kwa kumsikilizisha mtu utenzi unaoghaniwa, naye agonge kwa kidole kila anapohisi pigo. Sharti ni kwamba mtafiti ateue vyombo kwa uangalifu.

Mbinu yenyewe si ngeni. Stevens aliitumia mwaka 1886 kuchunguza jinsi watu wanavyodumisha mapigo ya metronomu. Mwaka 1972 George Allen aliitumia kutafuta mahali pa mapigo katika usemi wa Kiingereza, akabaini kuwa vidole vya wasikilizaji huangukia karibu na mwanzo wa irabu ya silabi yenye mkazo. Katika Kiswahili mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Je, katika kipande cha mizani 8, kidole kitafuata silabi zote, zile zenye mkazo pekee, au mahadhi ya mghani? Tuchukulie kuwa mghani anatamka silabi 5 kwa sekunde; kila silabi itachukua milisekunde 200. Chombo kinachokosea kwa milisekunde 40 kitakuwa kimemeza humusi nzima ya silabi moja. Pigo lililokuwa kwenye irabu laweza kuonekana limeangukia konsonanti.

Hapa yafaa kutofautisha makosa ya aina mbili. Uchelewaji usiobadilika si adui mkubwa. Iwapo kila pigo linachelewa kwa milisekunde 15, muda kati ya pigo na pigo haubadiliki, na mtafiti anayetaka kulinganisha pigo na silabi huondoa 15 hizo kwa kutoa tu. Uchelewaji unaoyumba, leo 5, punde 30, ndio wenye madhara, kwa kuwa hauondoleki kwa hesabu yoyote, na tena hujifanya ni kuyumba kwa mshiriki mwenyewe. Mtafiti aweza kuhitimisha kuwa wasikilizaji hawana pigo la pamoja, kumbe asiyetulia ni mashine.

Kibodi ya tarakilishi ndiyo yenye kosa hili. Kibodi ya kawaida ya USB huulizwa habari mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8, na juu ya hapo huongezeka shughuli za mfumo wa tarakilishi. Vibao vya ngoma za kielektroniki vinavyotumia MIDI ni bora zaidi, kwani ujumbe mmoja huchukua takriban milisekunde 1 njiani. Programu ya FTAP, aliyoieleza Finney mwaka 2001, ilitungwa kwa ajili ya vyombo hivyo, ila hutaka Linux. Schultz na van Vugt nao walieleza mwaka 2016 kihisi cha mgandamizo kilichounganishwa na Arduino. Ni chombo kizuri kwa mwenye ujuzi wa nyaya. Wengi wetu katika idara za Kiswahili hatuna, na si aibu.

Kwa maoni yetu, mwanafunzi wa fasihi anafaa kuanza na kinasasauti cha chaneli mbili. Sauti ya mghani igawanywe kwa waya: tawi moja liende kwenye visikizi vya mshiriki, jingine liingie moja kwa moja chaneli ya kushoto. Maikrofoni ndogo ya kugusa, ibandikwe chini ya kibao chenye kitambaa, iingie chaneli ya kulia. Ubora wa mpango huu ni kuwa utenzi na kidole vinapimwa kwa saa moja. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, usahihi hupita mahitaji yetu yote. Kitambaa nacho kina kazi: mshiriki akisikia sana mgongo wake mwenyewe, ataanza kujifuata badala ya kumfuata mghani.

Kuhusu programu, Audacity yatosha kutazama mawimbi, na Praat yafaa kutia alama mwanzo wa kila irabu na kila pigo. Zote mbili hupatikana bila malipo. Kidole huweza kuruka kikagusa kibao mara mbili, hivyo iwekwe kanuni mapema, mathalan kutohesabu mguso unaofuata mwingine kabla ya milisekunde 80.

Kabla ya utenzi, kila mshiriki agonge kwa dakika moja kufuata metronomu. Imethibitishwa mara nyingi kuwa watu hutangulia mlio wa metronomu kwa makumi ya milisekunde bila kujua. Kiasi anachotangulia kila mmoja kiandikwe kando ya jina lake la siri, ndipo mghani aanze.